Kamba ya Gaju

Leo nimeaibika. Mchana kweupe, barabarani, nikiwa nimevaa tai.

Nawaandikia ninyi wenzangu mliobaki Karagwe jioni hii hii, maana habari hii mtaipata tu, na watakaowaletea wataongeza chumvi. Mimi sitaongeza. Sitapunguza pia, ingawa natamani.

Mnajua nina mchumba, Esperansi, wa kule Nyundo. Mwezi uliopita nilipanda kwao kujitambulisha, na kwenye kile kilima nikakaa chini mara tatu. (Esperansi anasema mara nne. Huenda yuko sahihi. Ile ya nne sikuihesabu kwa sababu nilikuwa nafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba.) Shangazi yake, ndiye aliyemlea na ndiye mwenye neno la mwisho nyumba ile, alinitazama nikihema kama mvukuto wa mhunzi, akauliza polepole: "Huyu, mtoto akikimbilia barabarani, nani atamfuata?"

Hakunikataa. Alisema jibu atalitoa siku watakapokuja kumwona ng'ombe wa mahari. Ndiyo desturi ya huku: watu wa binti wanafika kwako kwanza, wamtazame ng'ombe pembe, kwato, mwendo. Siku yenyewe ilikuwa leo, saa tisa.

Basi baada ya kilima kile nilimwendea koplo mmoja, jirani yetu hapa mtaani Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma, aliyewahi kupigana ndondi akiwa Uganda. Akaniambia: "Ruka kamba. Mia tatu kila asubuhi. Tumbo litaondoka bila kuaga."

Wiki tatu nimeruka. Kamba nilikuwa naazima kwa Mama Zawadi, mwenye nyumba wangu, mzaliwa wa Goma. Ni kamba yake ya kuanikia nguo. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Aii! Mutu muzima anaruka sawa batoto! We, ukivunjika mi siko ndani ya hiyo mambo!" Siku ya kwanza niliruka nne. Juzi nilifika mia na ishirini. (Pamoja na zile ambazo niliikanyaga kamba. Bila hizo, themanini.)

Sasa leo. Saa saba nimeshaoga, nina shati jeupe na tai. Navuta suruali ya suti. Kifungo kimegoma! Kimebakiza kidogo tu, upana wa kidole. (Vidole viwili.) Nikajiambia, niruke mia moja za haraka, jasho litoke, kifungo kifike. Sijui nani alinifundisha hesabu hiyo. Si mwalimu wangu, nisimsingizie.

Nikavaa bukta, juu nikabaki na shati na tai yangu, nikatoka uani. Kamba ya Mama Zawadi imejaa mashuka.

"Mama Zawadi, niazime dakika tano tu."

"Bon, sawa. Na mashuka nitaanika kwa shingo yako?"

Alikuwa na haki. Nikageuka. Gaju, ng'ombe wa mahari mwenyewe, yuko kwenye nguzo yake anatafuna majani, ametulia kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Na shingoni ana kamba mpya ya katani, urefu wake unanitosha kabisa kuruka. Nikamfungua. Hata nikamwambia: "Dakika tano, mama."

Lango lilikuwa wazi. Aliyeliacha wazi ni mimi, nilipokuwa naingiza majani. Naliandika hilo ili asilaumiwe mtu mwingine.

Nikaanza. Moja! Mbili! Kamba inapita hewani, fyuu, inagonga chini, pa! Nimefumba macho, nahesabu kwa sauti kubwa kama koplo alivyoagiza. Sasa lifikirieni jambo hili kwa upande wa ng'ombe. Tangu akiwa ndama huko Bigogwe, mtu akisimama nyuma yake, akachapa kamba na kupaza sauti, maana yake ni moja: twende. Fyuu! Twende. Pa! Haraka! Gaju alifanya alichofunzwa. Mjinga wa pale uani hakuwa yeye.

"Faustini!" Mama Zawadi akapiga kelele. "Mahari inatoka!"

Nikafumbua macho kwenye hamsini na tisa. Nikaona mkia unakata kona.

Nikakimbia. Bukta, tai, kamba mkononi, miguu mitupu, na barabara za huku ni mawe ya volkano, makali kama vigae. Naita "Gaju! Gaju!" na kila nikipunga mkono kumsimamisha, kamba nayo inapunga, fyuu, naye anaongeza mwendo. (Hili nimelielewa sasa hivi, ninapoandika. Wakati ule niliona ni kiburi chake.)

Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka mpakani na mabeseni ya unga kichwani wakasimama kutazama. "Bwana arusi, amekukataa!" mmoja akasema, maana kelele za Mama Zawadi zilikuwa zimefika mbali. Mwingine akajibu: "Mumuache! Anarudia kwao, hajapenda mukwe!"

Kule njia panda ikasimama pikapu. Wakashuka watu wawili wamevaa nguo za kanisani: mjomba wa Esperansi na kofia yake, na yule shangazi. Walikuwa wamepata lifti. Wamewahi saa nzima! (Si kosa lao. Kuwahi si kosa.)

Gaju akaenda akasimama mbele yao, mwenyewe, kama aliyetumwa kuwapokea.

Mjomba akavua kofia. "Yoo! Tazama mwendo! Tazama pembe! Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Ningeweza kunyamaza nipite kama mkimbiaji tu. Nililifikiria. Lakini kamba iliingia katikati ya miguu yangu, ikaizunguka yote miwili, nikaanguka kifudifudi, nikateleza, nikafikia miguuni pa shangazi. Tai ilikuwa mgongoni.

"Ni wangu," nikasema kutoka chini. "Shikamoo, mama."

Shangazi akainama, nikadhani ananiinua. Akafungua kamba miguuni pangu, akamfunga Gaju kwa fundo moja, akauliza: "Nyumba iko upande gani?"

Njiani niliwaeleza yote. Kifungo, mashuka, lango, hamsini na tisa. Mjomba alikohoa sana ndani ya kofia.

Uani Mama Zawadi akawapa soda, mashuka yake yakipepea juu yetu. Shangazi akamzunguka Gaju. Akamtazama kwato, akamtazama meno. "Ng'ombe hana ila," akasema. Kisha akanigeukia mimi. Nikatamani kwato na mimi, angalau nipate pa kuanzia.

"Kutoka hapa mpaka kule tulikokutana ni mbali gani?"

"Labda nusu kilomita, mama. Labda pungufu. Sikupima."

"Umekaa chini mara ngapi?"

Nikakumbuka vizuri kabla ya kujibu. "Sikukaa, mama. Nimeanguka mara moja, mwishoni."

"Na sasa hivi unaongea bila kuhema."

Nikajisikiliza. Kweli!

"Basi. Mtoto akikimbilia barabarani, nimeona nani atamfuata." Akanywa soda kidogo. "Na nani atakuwa amemwachia lango wazi, hilo nalo nimeliona."

Mjomba akashindwa kukohoa, akacheka wazi.

Amekubali, ndugu zangu. Ila ana sharti: siku ya kupeleka mahari, Gaju nitamswaga mwenyewe, kwa miguu, mpaka juu ya kilima kile kile. Na suruali bado haifungi.

Kwa hiyo naomba msicheke. Na mwenye kamba huko Karagwe, ambayo haijafungwa nguo wala mnyama, anitumie.