Fuvu Mkononi Mwangu

Mji wa Haverleigh,
Ijumaa, Januari 1624

Kwa Baba Askofu Mtukufu,

Salamu nyingi, na pole kwa jongo la mguu. Mimi ni Gervase Holcott, mfanyabiashara wa vitambaa vya sufu, niliyekuwa meya wa mji huu mwaka juzi. Nakuandikia nikiwa hai. Naomba jambo hilo ulishike tangu mwanzo, maana hapa Haverleigh nimekosa wa kulishika.

Kwanza. Mwezi uliopita Jabez Crull, fundi wa kuchonga mawe, alimaliza kaburi la marehemu baba yangu, pale ukutani, kushoto kwa madhabahu. Kazi nzuri, sikatai. Baba amechongwa sanamu akipiga magoti, mama amepiga magoti akimwelekea (yeye bado yupo, mwaka wake wa kufa umeachwa wazi), na chini yao tumepiga magoti sisi wana wao wawili. Unaijua desturi yetu: mtoto aliyekufa kabla ya kaburi kuchongwa hushikishwa fuvu. Kaka yangu Ambrose alikwenda Aleppo kuuza vitambaa vyetu, akafa huko kwa homa, huu mwaka wa sita, na hata mfupa haukurudi. Basi fuvu lake liko wapi? Liko mkononi mwangu! Ambrose mwenyewe amekunja mikono yake mitupu kama mtu anayesubiri kuletewa chakula. Na pua niliyochongewa si yangu hata kidogo, ila hilo nimelisamehe.

Pili. Sokoni sipiti tena. Wauza jibini wananipigia kelele, "Marehemu! Leo umetoka mapema?" Na wengine wanadakia, "Mpisheni jamani, ametoka mbali!" Baba Askofu, watu hawa nilipokuwa meya niliwahi kuwafunga miguu kwenye mkatale kwa makosa madogo kuliko haya.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Jumanne ijayo wazee ishirini na wanne wa mji watachagua mtu wa kutuwakilisha Bungeni, London. Kiti hicho nimekitamani tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Sasa mpinzani wangu, Lambert Tolley mpika bia, akasimama barazani, kofia kifuani, akasema: "Mimi na Gervase hatukuwa na ugomvi, Mungu amlaze pema. Lakini daftari la vifo limeliwa na panya, ushahidi tulio nao ni jiwe. Tukipeleka maiti Bungeni, atatusemea nini?"

Mzee mmoja akadakia, "Kwani tuliyempeleka mara ya mwisho alikuwa hai, na alisema nini?" Wakacheka mpaka wakakohoa. Na mimi nimekaa pale pale mbele yao! Niliposimama kujitetea, Tolley akaniambia niketi, eti maoni ya marehemu hupokelewa kwenye wosia. Wakaamua hivi: fuvu likiondoka kabla ya Jumanne, mimi ni mgombea, lisipoondoka, Tolley anakwenda London.

Nne. Mke wangu Philippa anavaa nguo nyeusi. Nilipomuuliza akasema, "Imenikaa, usiniharibie." Juzi akaniwekea mezani pai ya njiwa iliyolala. Nikalalamika. Akasema, "Tangu lini aliyekufa akachagua?"

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mwingi, uamuru fuvu liondolewe mkononi mwangu kabla ya Jumanne. Jabez anadai fuvu na vidole vyangu ni jiwe moja. Basi na vidole viondoke. Kama hilo ni gumu, amuru kila mtu aliye hai Haverleigh achongewe fuvu lake, na aanze Tolley. Na kama hata hilo halikupendezi, basi nitambuliwe kuwa maiti na nipewe haki zote za maiti: nisidaiwe zaka, nisiitwe kwenye gwaride la ulinzi wa mji, wala nisitozwe faini ya kukosa ibada. Kuhudhuria nahudhuria, Baba Askofu. Nimepiga magoti pale ukutani kutwa kucha na sijasinzia hata mara moja, jambo ambalo waumini walio hai hawawezi kujisifia.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, karani wako, na yule mbwa aliyeniuma siku ya Pentekoste. Yeye ni shahidi kwamba nina damu.

Ndimi, nikiwa na pumzi zangu,
Gervase Holcott

Nyongeza: Nilikuwa sijaitia lakiri barua hii. Asubuhi nimemburura Jabez mpaka kanisani anionyeshe pa kukata. Tukamkuta mama. Alikuwa amevua glavu zake, anaisugua mikono ya jiwe ya Ambrose, maana kanisani kuna baridi. Nikaanza kumfokea Jabez. Mama akasema bila kugeuka, "Mwache fundi wa watu. Mimi ndiye niliyemwambia akushikishe wewe."

Nikasema, "Lakini mama, mimi ni mzima!"

Akasema, "Najua, mwanangu. Wewe nikitaka kujua kama upo, nafungua dirisha tu, nakusikia unavyogombana na watu. Mwenzako nitamsikilizia wapi, kama si hapa? Jabez alisema fuvu lazima likae kwa mmoja wenu. Mshikie ndugu yako, Gervase. Wewe una nguvu."

Nilikuwa na majibu saba, Baba Askofu, na nilikuwa nimeyapanga vizuri kwa ajili ya Bunge. Badala yake nikavua glavu zangu, nikashika ule mkono wa pili wa Ambrose.

Basi yote niliyoandika hapo juu yafute. Ombi langu limebaki moja: mtu yeyote akija kwako kutaka fuvu lile liguswe, hata kama mtu huyo ni mimi, mkatalie. Tolley aende London.