Mashine Niliyoibuni Mwenyewe

Jumatatu, 10 Juni 2024

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Mashine ya kwaya imekufa.

Naandika sababu kwa utulivu. Jumapili ijayo kwaya yetu ya hapa Kyimo inatimiza miaka arobaini. Akina mama wakaona si heshima amplifaya iingie kwenye jubilei na vumbi lake. Wakaiosha. Kwa sabuni ya unga na brashi, nje na ndani, kama sufuria ya harusi. Wakaianika juani. Jua gani, huku kwetu, mwezi wa sita? Jana jioni wakaichomeka kwenye umeme. Ikalia mara moja, ikatoa moshi. Katikati ya ubao wake, pale vinapokutana vitu vyote vya maana, pamebaki mkaa.

Mama Doreen, mwenyekiti wa kwaya, amekuja asubuhi kunipa habari. Hana wasiwasi hata chembe. Kasema, mwalimu, si uliibuni mwenyewe? Basi ibuni tena, una siku sita. Akaongeza kwamba Jumapili nitapewa cheti chenye fremu ya kioo. Mbunifu wa Mashine. Kimeshachapwa.

Shajara hii haisomwi na mtu, kwa hiyo niseme. Sikuibuni. Nilinakili mchoro kutoka kitabu cha maktaba, shuleni nilikokuwa nafundisha fizikia. Sikukusudia udanganyifu. Mchungaji wa wakati ule aliuliza nani katengeneza, nikajibu mimi, na ndiyo kweli. Yeye akatangaza kanisani kwamba nimebuni. Watu wakapiga makofi. Kusahihisha makofi si adabu.

Mchoro wenyewe ni wa kawaida sana, na ni wa zamani. Transista mbili kubwa hupokezana kazi, kama wapasua mbao wawili kwenye msumeno mmoja. Huyu avuta kwake, yule avuta kwake. Sauti ndogo inaingia, kubwa inatoka. Niliwahi kueleza haya dakika arobaini na darasa zima likanisikiliza, ukiacha mstari wa nyuma. Kinachonisumbua ni vile vidude vya katikati, vilivyogeuka mkaa. Sivikumbuki kabisa.

Mkakati: kuupata mchoro kimyakimya. Hakuna atakayejua.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda shuleni. Anayetunza maktaba siku hizi ni Mwalimu Aika, binti wa Kilimanjaro, mchangamfu kupita kiasi. Nikamwambia naandika historia ya maktaba. Nilidhani ataniachia makabati na kwenda zake. Badala yake kafurahi, kaniita hazina ya taifa, kanipeleka Kidato cha Tatu niwahutubie vipindi viwili.

Saa sita ndipo nikapata upenyo. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kuhusu kitabu kimoja cha saketi, jalada la kijani. Kafungua daftari la zamani la kuazima. Kidole kikashuka, kikasimama. Kitabu kipo kwa mtu. Kiliazimwa tarehe 3 Februari 1984, hakijarudi. Aliyeazima: Mwl. Ambilikile.

Mimi.

Aika kacheka mpaka kakaa chini. "Shikamoo tena, mwalimu! Kumbe kitabu kimeenda kusomea udaktari kwako!"

Kisha, kwa huruma, kawasha kompyuta yake. Kaandika maneno mawili, michoro ikamwagika kwenye kioo, mamia. Na wa kwanza kabisa, juu kushoto, ulikuwa ule wangu! Nimeutambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake stendi. Aika kaniuliza, mwalimu, huu si unafanana na ile mashine yako ya kanisani? Maana hapa wanasema unatumika dunia nzima.

Nifanye nini? Nikasema haufanani hata kidogo. Nikasema wangu ni wa peke yake. Nikamwomba azime ile kompyuta, nikasingizia macho.

Niliutazama kama sekunde nne. Nusu ya kushoto nimeishika.

Jumatano, 12 Juni

Kitabu kimepatikana. Mke wangu Elina anasema kilikuwa kwenye sanduku la vitabu lililohamia kwa mwanetu Prosper, nyumba ya pili kutoka hapa. Prosper yuko kazini Mbeya. Nyumbani yupo mkewe, Tulia. Basi nikamtuma Elina.

Hapa sharti nieleze. Kwa mila yetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso. Hawaongei. Hawaingiliani nyumba. Zamani mwanamke akimwona baba mkwe njiani alijitupa migombani mpaka apite. Siku hizi watu wameacha. Mchungaji mwenyewe anakula meza moja na mke wa mwanawe. Mimi sijaacha. Katika kata hii nadhani nimebaki peke yangu, na ni jambo la kujivunia. Tulia naye ananiheshimu. Akiniona hugeukia mgomba na kuusalimia kwa sauti: shikamoo baba. Nami naitikia kwa kuulekea mgomba mwingine.

Nasikia anafundisha mambo ya umeme katika chuo cha ufundi. Sijawahi kumuuliza. Ningemuulizaje?

Elina karudi na kitabu. Miaka arobaini ya mvua za Rungwe imekifanya tofali. Kurasa zote ni kitu kimoja. Nilijua dawa yake: mvuke. Nikakishikilia juu ya birika. Kurasa za mwanzo ziliachana vizuri. Nikapata moyo, nikaongeza maji. Nilipofika ukurasa wangu nikauvuta polepole, kwa subira ya mtu msomi. Ukaja uji.

Elina kauliza kama autie chumvi.

Alhamisi, 13 Juni

Tukuyu mjini, kwenye kibanda cha Meshaki, fundi redio. Nilimfundisha. Mwaka 1998 nilimpa sifuri, naye hajaisahau. Amekuwa akisema kila mahali kwamba mashine ya kwaya ni kopo, tununue mpya.

Mkakati ulikuwa safi. Nikamwambia nataka kupima kama vijana wa leo bado wanajua misingi, hebu anichoree amplifaya ya transista mbili. Angechora, ningetazama, ningeondoka.

Kainuka, kanipa shikamoo kwa mikono miwili. Kasema mbele ya wateja watano: "Mwalimu, mimi nikuchoree wewe? Mbunifu mwenyewe? Mimi wa sifuri? Nichoree wewe, nijifunze kabla sijafa." Kachana kipande cha boksi, kanipa na kalamu.

Wateja wakasogea. Nikachora. Nusu ya kushoto kwa haraka na uhakika. Nusu ya kulia nikaikamilisha kwa busara. Katikati nikaunganisha moja kwa moja, kwa sababu waya ulionyooka una heshima yake.

Meshaki katazama muda mrefu. Kaniomba niweke sahihi na tarehe. Nikaweka. Sasa kimebandikwa kwenye ukuta wa kibanda chake.

Nimenunua kwake transista mbili, 2N3055 na mwenzake MJ2955. Kanifungia vizuri sana. Adabu yake inanitia mashaka.

Ijumaa, 14 Juni

Nimelehemu tangu asubuhi. Kidole kimoja kimeungua, si kitu. Saa kumi nikaipeleka kanisani. Ikawaka! Haikutoa moshi!

Abrahamu, mwalimu wa kwaya, kasogeza kipaza sauti na kuanza ule wimbo wa jubilei, ambao mwanzo wake ni wa taratibu, karibu mnong'ono. Kwenye spika ikatoka sauti ya jogoo mwenye mafua. Akapandisha sauti, ikawa afadhali. Akashusha, jogoo akarudi.

Nimechunguza kisayansi. Hitilafu iko kwenye sauti za chini tu. Kwa hiyo nikamshauri Abrahamu kwamba Jumapili kwaya iimbe yote kwa nguvu, mwanzo hadi mwisho, na sala pia. Kaniangalia. Kasema wimbo huo unahusu Bwana akinena katika utulivu, mwalimu, tutamfokeaje? Nikasema ni suala la mtazamo.

Mama Doreen kauliza kama cheti kibadilishwe maneno. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Usingizi hautakuja.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ngumu.

Asubuhi nilikuwa sebuleni nimeifungua mashine. Nikasikia Elina anaongea na mtu upande wa jikoni. Ni Tulia. Jana alikuwa shambani karibu na kanisa na alisikia jaribio lote. Kasimama nyuma ya ukuta, mahali panapostahili, kasema, mama, mwambie baba kwamba kati ya zile transista mbili kuna diodi mbili hazipo.

Elina akaniambia. Nilikuwa nimeshasikia, ukuta wetu ni wa mbao. Nikasema, mwambie mkwe diodi hizo nilikuwa nazifikiria. Elina akamwambia. Tulia akasema, mwambie baba ziko mbili, zimefuatana. Elina akasema ziko mbili, zimefuatana. Nikasema, mwambie, kwa nini hasa, si kwamba sijui. Hapo Elina kabwaga mwiko. "Nyote mnasikiana! Mimi si waya!" Kachukua jembe, kaenda zake shamba.

Kimila hatukuwa na njia ya kuongea.

Nyuma ya jikoni tuna banda la ng'ombe. Nikasikia Tulia anamwambia ng'ombe: "Wewe ng'ombe, umewahi kuona watu wawili wakitwanga kinu kimoja? Huyu anashusha, yule anainua. Sasa kama kila mmoja amelala mpaka mwenzake amalize, katikati panakuwa na pengo, hakuna mchi unaofanya kazi. Sauti kubwa inaliruka pengo. Ndogo inatumbukia humo. Diodi zinawaweka wote wawili macho, michi imeinuliwa kidogo, tayari."

Nimefundisha miaka thelathini na moja. Sijawahi kueleza vizuri hivyo. Nikaliambia jiko la mkaa: ndaga fijo, asante sana, naona ng'ombe ameelewa.

Karatasi ikapita chini ya mlango. Ni ya chuoni kwake. Mchoro wangu, mzima, kushoto, kulia na katikati! Chini yake jina la kile kitabu cha kijani na namba ya ukurasa.

Basi anajua. Nikakaa.

Kasema na ng'ombe tena, polepole. Kwamba anajua tangu alipoolewa, maana kitabu kilikuwa nyumbani kwake na zamani kilikuwa bado kinafunguka. Kwamba hawezi kumwaibisha baba mkwe. Ila kesho analeta wanafunzi wake kumi na wawili kwenye jubilei. "Wanadhani vitu hivi hubuniwa na watu wa ajabu, wanakata tamaa mapema. Baba akisema tu kwamba alikisoma kitabuni, nao watashika vitabu. Ng'ombe, ni sentensi moja."

Nililiahidi jiko. Kwa sauti, na akasikia.

Diodi zimewekwa saa tisa. Sauti kama maji.

Jumapili, 16 Juni

Jubilei! Kwaya za Suma na Mpuguso zimekuja. Wimbo ukaanza kwa mnong'ono, na mnong'ono ukafika mpaka kwa waliosimama nje. Mama Doreen alilia. Abrahamu alinishika mkono.

Nikaitwa mbele. Nikapewa cheti. Nikamwona Tulia benchi la mwisho na wanafunzi wake, kalamu mkononi. Nilikuwa na ile sentensi mdomoni, nasema kweli. Nilifika "Ndugu zangu, mchoro huu".

Meshaki akasimama. Amekuja na kile kipande cha boksi! Kwa heshima zote kauliza mbona kwenye mchoro uliotiwa sahihi na mbunifu hakuna diodi, na kwenye mashine zipo? Au mwalimu hakujua?

Kanisa zima likanigeukia. Sasa, mtu afanye nini? Nikatabasamu. Nikasema nilizitoa kwa makusudi, ili atakayeiba ubunifu wangu apate jogoo mwenye mafua. Vicheko! Vigelegele! Meshaki akakaa. Nikawaeleza juu ya watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mfano ambao ulinijia hapohapo. Makofi marefu kuliko ya 1984.

Wale wanafunzi wakafunga madaftari yao. Tulia hakupiga makofi. Alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

Jumatatu, 17 Juni

Ujumbe kutoka Mpuguso. Wameomba niwabunie na wao mashine, kubwa zaidi, kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Nimekubali. Transista nne safari hii, mbili ni za wanaoanza.

Tulia alimtuma Elina kuchukua karatasi yake. Nimeirudisha bila shida. Elina kauliza kama nimeinakili kwanza. Nikamweleza kwa subira kwamba mbunifu hanakili.

Baadaye nilikutana na Tulia njiani. Hakugeukia mgomba. Kasimama katikati ya njia, kanitazama usoni, macho kwa macho, mara ya kwanza katika miaka tisa. Kasema, "Hongera, mbunifu." Akapita zake. Vijana wa siku hizi wanaacha mila. Imenisikitisha.

Cheti kimening'inizwa sebuleni. Nimekaa chini yake na kuisoma upya shajara hii tangu mwanzo. Ya Jumamosi ina kasoro. Niliandika nikiwa nimechoka, na inaonekana kama vile ni Tulia aliyenieleza habari za diodi, wakati kumbukumbu yangu ni kwamba nilimweleza mimi, kupitia kwa ng'ombe.

Kesho nitakwenda Tukuyu kutafuta kalamu ya wino wa rangi ileile, niirekebishe.