Mnyoo wa Mzee Eustace

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimepata dawa ya Mzee Eustace. Barua yangu ya kumposa binti yake Marcelina imelala kwake tangu Pasaka. Hajajibu. Kila nikienda napewa chai na habari za tumbaku, maana mzee alipanga madaraja ya tumbaku Urambo mpaka akastaafu, na akianza majani hamalizi. Posa? Kimya.

Sasa Marcelina, ambaye ni mwalimu wa baiolojia, ametuingiza wanakwaya wote kwenye kazi moja ya kwenye simu. Wataalamu fulani wa Ulaya wamepiga picha za minyoo chini ya bahari ya barafu, kusini kabisa mwa dunia. Picha ni nyingi, wao wachache. Wanaomba watu wawasaidie kutambua huyu ni aina ipi na yule ni aina ipi. Atakayeongoza kwa alama kwenye kundi letu la Tabora, mnyoo mmoja asiye na jina atapewa jina alilolichagua yeye, na cheti atatumiwa.

Mimi bahari sijawahi kuiona. Bwawa la Igombe nimeliona. Inatosha! Nitashinda, na mnyoo ataitwa Eustace. Mzee gani atamnyima binti mtu aliyelifikisha jina lake kwenye barafu? Nimeshaliandikisha. Wanasema likishaingia halibadilishwi. Vizuri sana.

Jumatano, 4 Juni

Aleksi anaongoza! Aleksi mpiga kinanda, Mluguru, mtani wangu. Anakaa kuhesabu magamba ya mgongoni mwa mnyoo mmoja mmoja, kisha anakuza picha aone kama nywele za ubavuni zimechongoka au zina meno. Ndivyo maelekezo yanavyotaka. Nimejaribu, macho yamevimba. Minyoo yote inafanana na brashi ya viatu iliyokanyagwa.

Basi nimetumia akili. Nimewaandikia wanakwaya kwamba nimezungumza na mtaalamu (sijazungumza na mtu yeyote), na amesema magamba hayahesabiwi kwa kuwa hupukutika. Angalieni rangi na upana tu, kama tumbaku. Wa dhahabu na mpana ni aina ya kwanza. Wa kahawia, ya pili. Mwembamba, ya tatu. Aliyechanika, andikeni hajulikani. Hapa Tabora nani hajawahi kupanga tumbaku? Wameelewa papo hapo. Mama Gaudensia wa sauti ya pili ameniombea baraka. Aleksi peke yake ameendelea na magamba yake.

Mimi mwenyewe nahesabu magamba kwa siri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakose wao, nipate mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Siku mbaya. Kwanza alama zangu zinashuka kila siku, sielewi kwa nini. Pili, mdomo wangu.

Nilishindwa kungoja. Nikaenda kwa Mzee Eustace, Kitete, kumpa habari njema kabla haijaiva. Shikamoo baba. Marahaba. Nikamwambia kuna kiumbe kipya duniani kitapewa jina lake. Akaweka kikombe chini, uso umemchangamka, akauliza kiumbe gani. Nikasema mnyoo.

Yesu wangu, uso ulivyomkunjika! Nikaeleza kwamba si wa tumboni, ni wa baharini, tena msafi, anakaa kwenye baridi. Kila neno likazidi kuharibu. Nikatoa simu nimwonyeshe picha, ikafunguka ya yule aliyechanika.

Hapa kwetu anayeruhusiwa kukuita mnyoo ni mtani tu. Aleksi angeweza kumwita mzee mnyoo msibani, mchana kweupe, na bado akapewa nyama. Ndivyo ilivyo tangu babu zetu wa Tabora wakipita Uluguru kwenda pwani na mizigo ya pembe za ndovu mabegani. Lakini mkwe! Mkwe hata jina la baba mkwe halitaji ovyo.

Mzee akasema polepole, "Dionis, unataka kuwa mtani wangu au mkwe wangu? Chagua moja."

Amenipa mpaka Jumapili niliondoe jina lake huko matopeni, la sivyo barua yangu itarudi kama ilivyokwenda. Marcelina alinisindikiza hadi barabarani, amefunika mdomo kwa khanga. Sijui alikuwa analia au anacheka. Niliogopa kutazama.

Jumamosi, 7 Juni

Jina halibadilishwi. Njia ni moja, nishindwe. Kazi rahisi! Nimeshindwa mambo maisha yangu yote bila hata kujitahidi.

Nimefunga duka langu la asali hapa Mtendeni, nikakaa kutwa kubonyeza majibu ya hovyo. Hovyo kabisa. Nimefuata ule uongo wangu wa tumbaku, dhahabu, kahawia, mwembamba, hajulikani. Sikuhesabu gamba hata moja. Mashindano yamefungwa saa kumi na mbili jioni. Nikafungua nione nimeangukia wapi.

Nimekuwa wa kwanza!

Nikampigia Aleksi, maana sikuwa na mwingine wa kumuuliza, nikamweleza yote, hata la mzee. Alicheka mpaka akapaliwa. Kumbe wataalamu hawana muda wa kukagua kila picha, kwa hiyo alama hupewa jibu ambalo wengi wa kundi wamekubaliana. Na kundi la Tabora ni kwaya yetu, na kwaya nzima inapanga minyoo kama tumbaku. Ndiyo maana Aleksi, aliyekuwa akihesabu magamba, ameporomoka tangu Jumatano. Na mimi nilipohesabu kwa siri niliporomoka naye. Leo nimekosea pamoja na wenzangu, nikapaa.

Marcelina ndiyo basi tena. Nimelia kidogo dukani, kati ya madumu.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nilitaka kutorokea mlango wa sakristia. Nikachelewa. Aleksi alikuwa ameshamfikia mzee mbele ya waumini wote, akapiga goti.

"Shikamoo, Mnyoo wa Barafu."

Watu wakaangua kicheko. Na kwa mtani hakuna kununa. Mzee akacheka kwa lazima, kisha akacheka kwa kweli, akamjibu kwamba afadhali mnyoo, yeye haharibu kinanda. Halafu akaomba aione picha. Safari hii Aleksi akafungua ile ya mnyoo wa dhahabu, aliyenona, manyoya yanang'aa. Mzee akavaa miwani. Akaigeuza simu huku na huku kama anavyogeuza jani.

"Rangi safi. Mpana. Hana doa," akasema. "Huyu daraja la kwanza."

Akaizungusha simu kwa wazee wenzake wote. Kisha akaniita, akaniambia wazee wangu waende Jumamosi kupokea jibu la posa. Ila cheti cha mnyoo kiwepo, atakitundika sebuleni. Marcelina ameniminya mkono kwa siri. Nimefurahi mpaka nimesahau kula!

Jumanne, 10 Juni

Wataalamu wameandika. Kwa adabu nyingi. Wamekagua na kuona kwamba Tabora nzima imekosea kwa namna moja, jambo ambalo hawajapata kuliona. Majibu yetu yamefutwa. Jina limefutwa. Yule wa dhahabu si mpya hata kidogo, ana jina lake tangu zamani. Cheti hakuna.

Marcelina amesoma kabla yangu. Amenipigia, akasema niende kwa baba yake leo hii nikamweleze ukweli. Mzee humsamehe anayesema kweli, hamsamehe anayemchezea. Ukweli ukitoka kwangu, yeye atasimama nami. Ukitoka kwa mtu mwingine, nisimtafute tena. Nimemwitikia. Ana busara mwanamke huyu! Njia ya mwongo fupi, walisema wahenga, na mimi sasa nimejifunza. Nimejifunza kabisa.

Nikaondoka kwenda Kitete. Njiani nikapita Gongoni, kwa jamaa anayechapa kadi za harusi. Ana karatasi moja nzito yenye ukingo wa dhahabu. Rangi safi, pana, haina doa. Mhuri wa kwaya ninao, maana katibu ni mimi, na ukiugonga kwa wino kidogo maneno hayasomeki. Imebaki sahihi ya mtaalamu wa Ulaya tu.

Aleksi ana mwandiko mzuri. Nimemwomba aniwekee yeye, na nimemwapisha asimwambie mtu. Amekubali upesi, tena amesema Jumamosi atakuja mwenyewe kukisoma cheti mbele ya wazee. Mtani mwema sana yule.