Sare ya Zambarau

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeamka na uamuzi. Kufikia Jumapili nitakuwa mtu mwingine. Sina budi. Siku hiyo nimeitwa mtaa wa Surulere, hapa Lagos, kwa baba yake mpenzi wangu Keji, aniambie kama naweza kuwaleta wazee wangu wamwombe binti yake. Ana swali moja tu kabla ya kujibu: Gbenro Aribisala anafanya kazi gani hasa?

Swali la dharau. Mimi ni mmiliki wa chombo cha habari. Kinaitwa Sikio la Jiji, kimo ndani ya simu yangu, kina wafuasi 2,314. Mhandisi Fadairo, baba Keji, haioni hiyo kama kazi. Uhandisi wake mwenyewe ni wa kuuza vipuri vya jenereta, lakini ukimwita Bwana Fadairo hageuki. Alimwambia Keji kuwa umbea hata shangazi zake wanaufanya, tena bure.

Nero, jirani yangu wa mlango wa pili, ana wafuasi elfu arobaini na moja. Kisa? Alimrekodi mbuzi wa mwenye nyumba akitafuna notisi ya kupandisha kodi. Nchi nzima ilicheka. Nero hakufanya lolote, aliyefanya kazi ni mbuzi.

Kampuni moja ya tambi imeniahidi tangazo nikifika wafuasi elfu kumi. Siku sita. Inawezekana kabisa.

Nimeanza leo. Nimewauliza wafuasi: ni haki kushona sare mpya za sherehe wakati nyanya sokoni zinauzwa moja moja kama dawa? Moto umewaka! Majibu mia nne. Nusu wanasema wanaoshona sare siku hizi hawana haya. Nusu nyingine wanauliza fundi mzuri yuko wapi.

Jumanne, 5 Novemba

Mungu si Athumani. Tena sasa nina siri.

Mwezi mzima watu mtandaoni hawalali kwa ajili ya harusi ya Zizi Amadike, yule mwigizaji. Kundi moja linasema bwana harusi ana meli. Jingine linasema ni mtoto wa mchungaji. La tatu linasema hakuna bwana harusi, ni tangazo la filamu. Leo asubuhi mshonaji wa Zizi katoa picha ya meza yake ya kazi, halafu kaifuta baada ya dakika mbili. Amechelewa. Nimeidaka! Mezani kulikuwa na lesi ya zambarau yenye maua ya rangi ya fedha, marobota kwa marobota.

Mbio hadi soko la Balogun. Muuza vitambaa kaitazama picha, akasema hiyo ni sare ya Jumamosi, Ukumbi wa Lulu kule Ikeja, na zimebaki yadi tano tu. Nikamwuliza kijanja kama ni shughuli kubwa. Akasema jiji zima litakuwepo. Sikutaka kusikia zaidi.

Hesabu ni nyepesi. Anayekwenda sherehe bila kadi ni mdoezi. Anayekwenda bila kadi lakini kavaa sare ni ndugu. Hakuna mlinzi Lagos nzima wa kumzuia ndugu.

Tatizo ni bei ya hiyo lesi. Nimelimaliza: nimeuza kijenereta changu, kile kidogo ambacho nchi nzima tunakiita Afadhali Mimi Kuliko Jirani. Nimemuuzia jirani.

Jumatano, 6 Novemba

Umeme umekatika tangu alfajiri. Nero ana taa, feni na redio. Mimi nina ukuta, na nyuma ya ukuta nasikia jenereta langu likimwimbia mtu mwingine. Sauti yake naijua, lina kikohozi.

Nimekwenda kwake kuomba kuchaji simu. Akaniuliza fedha ya jenereta nimefanyia nini. Nikasema uwekezaji. Akacheka mpaka akakaa chini.

Nimetangaza rasmi: Jumamosi, Sikio la Jiji mubashara kutoka ndani ya harusi ya Zizi. Wafuasi 3,900! Mmoja kaniuliza kama si mimi niliyewasema wavaa sare juzi. Nimemzuia. Watu wenye kumbukumbu ndefu wanaharibu mazungumzo.

Lesi iko kwa fundi Lasisi. Ameapa kwa marehemu mama yake kuwa Ijumaa asubuhi naichukua.

Ijumaa, 8 Novemba

Saa tatu nimempigia Lasisi. Akasema nguo iko kwenye pasi. Saa sita bado iko kwenye pasi. Saa tisa nikaenda mwenyewe. Lesi iko mezani, haijaguswa na mkasi, na juu yake pana sahani ya maharage ya Lasisi.

Nimemkalia kichwani mpaka amemaliza. Shingo inabana. Mguu wa kulia wa suruali umeishia juu ya kifundo, wa kushoto umefika sakafuni. Lasisi anasema ndio mtindo wa sasa.

Keji amepiga simu jioni. Hakutaka kujua habari za Zizi. Alinisihi nisifanye upuuzi wowote kabla ya Jumapili, kwa sababu kumlainisha baba yake mara moja kumemchukua miezi minne, na mara ya pili hataweza. Sauti yake ilikuwa imechoka. Nampenda huyu binti hadi naogopa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kesho nashinda ndani nikisoma.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika hata sare sijaivua.

Saa tano nilikuwa getini. Mlinzi aliitazama nguo, mimi hakunitazama. Akanielekeza: wajukuu meza za mbele. Nikaelewa mara moja. Bwana harusi ni mjukuu wa tajiri fulani, na sare yetu ni ya ukoo. Meza ya mbele kabisa! Laiti Nero angeniona.

Ukumbi zambarau mtupu. Ukutani picha ya bibi kizee, kubwa kuliko mlango. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya soda, nikaanza kurusha. Nikawanong'oneza wafuasi kwamba Zizi ameamua kumtukuza bibi yake bwana harusi, na nyota gani mwingine ana moyo huo? Watu elfu sita wakinitazama! Ukaja wali wa jollof na paja la mbuzi. Nikawaonyesha na paja. Mmoja akauliza bibi harusi yuko wapi. Nikamjibu kuwa mastaa hawawahi.

Ndipo mchungaji akashika kipaza sauti, akamshukuru Mungu kwa maisha ya Mama Comfort Adebambo, aliyetutoka akiwa na miaka tisini na saba na vitukuu kumi na tisa.

Msiba. Nimedoea msiba, mubashara.

Najitetea: kwetu mtu aliyekula chumvi nyingi hazikwi kwa kilio. Bendi ile ile, wali ule ule, vilemba vile vile. Mtu angejuaje? Mshonaji wa Zizi kumbe hushonea jiji zima.

Nikaanza kunyata kuelekea mlangoni, paja mkononi, maana nyama haitupwi. Nikadakwa na mama mmoja mwenye kilemba kipana kama mwavuli. Shangazi Bisoye, binti mkubwa wa marehemu. Akauliza mimi ni wa nani. Mdomo wangu ukajibu bila ruhusa yangu, ukataja mji wa mbali: wa Kaduna. Akaangua kilio cha furaha. Mtoto wa ndugu yangu Rotimi! Kumbe ujumbe uliwafika! Akaninyang'anya paja, akanikabidhi picha ya Mama yenye fremu ya dhahabu, akanisukuma mbele ya msafara wa wajukuu. Ngoma zikarindima.

Ningefanya nini? Nilicheza. Na hapa sharti niandike ukweli, nilicheza vizuri. Wageni wakaja kunitunza, noti moja baada ya nyingine zinabandikwa kwenye paji la uso. Nilifumba macho kwa utamu wa ngoma. Halafu mkono mmoja ukabandika noti na haukuondoka. Nikafumbua macho. Mhandisi Fadairo.

Alinitazama, akaitazama picha niliyoibeba, akaitazama sare.

"Gbenro," akasema polepole. "Kumbe ni wewe."

Kisha akabandika noti nyingine, na machozi yakamlengalenga.

Nimerudi nyumbani na zawadi yangu ya shughuli: ndoo ya plastiki yenye sura ya Mama Comfort. Simu nilikuwa nimeiacha inarusha muda wote. Nero kakata kipande, kakibandika maneno haya: Mwandishi afika harusi ya Zizi, bibi harusi ana miaka 97. Kimetazamwa mara laki sita. Zizi mwenyewe kumbe wiki nzima yuko Akra anaigiza.

Jumapili, 10 Novemba

Wafuasi 12,600. Wote wanacheka. Lakini ni wafuasi.

Keji hakupokea simu. Nikaenda Surulere nimeshika moyo mkononi. Mhandisi alinipokea mlangoni mwenyewe, jambo ambalo halijapata kutokea. Akanikalisha kwenye kiti chake. Mtandaoni haendi, anaona ni mahali pa watoto wasio na kazi, kwa hiyo kile kipande cha Nero hakuwa amekiona. Alichokiona ni mimi, na picha ya Mama.

"Mama Adebambo alinipa kibanda changu cha kwanza," akasema. "Mwaka mzima hakunidai kodi. Mtu wa damu yake mimi simuulizi kazi. Lete wazee wako."

Miezi minne Keji amepigania maneno hayo matatu ya mwisho! Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, ilikuwa wazi kama mlango. Nikainamisha kichwa na kusema kuwa sikupenda kulitumia jina la bibi kujipendekeza.

Keji alikuwa amesimama karibu na dirisha. Yeye kipande amekiona. Jicho alilonipa sitaki kulieleza hata humu.

Kisha kengele ikalia. Mhandisi, kwa furaha yake, alikuwa amemwalika Shangazi Bisoye aje ale na mpwa wake. Akaingia na albamu ya picha. Akanikumbatia, akauliza mguu wa Rotimi unaendeleaje.

Nikasema unaendelea vizuri. Nikaona jibu ni fupi, nikaongeza: yote miwili.

Shangazi akaifunga albamu taratibu. Rotimi ana mguu mmoja tangu ajali ya mwaka tisini na nne.

Keji akasogea mbele.

"Gbenro, sema wewe," akasema. "Nikisema mimi, ndiyo mwisho wetu."

Nikasema. Yote: Zizi, lesi, jenereta, paja la mbuzi, Kaduna. Nilisema nikitazama zulia. Niliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Nikamalizia kwa kusema kuwa nilitaka tu siku moja Mhandisi aone mimi ni mtu.

Wa kwanza kutoa sauti alikuwa Shangazi. Alicheka mpaka kilemba kikalegea. Akasema msiba usio na mdoezi ni msiba wa maskini, na kwamba mama yake angenipenda, kwa sababu wajukuu wa damu walikuwa wanatazama simu na aliyemchezea kwa moyo ni mimi.

Mhandisi hakucheka. Aliisukuma glasi yake kando. Akasema mwongo anayetubu mbele ya watu ni afadhali kidogo kuliko mwongo wa siri. Kidogo tu. Akatoa masharti. Kuanzia kesho nafanya kazi dukani kwake. Mwezi mzima simu inakaa kwa Keji. Mwezi ukiisha bila hila hata moja, nilete wazee. Hila moja, na nisimjue Keji tena.

Nimekubali kwa magoti. Nimemwapia Keji kuwa hilo somo limeniingia kwenye mifupa. Alitabasamu kidogo alipoichukua simu. Kampuni ya tambi ilikuwa inapiga.

Jumatatu, 11 Novemba

Siku ya kwanza ya maisha mapya. Naandika nyuma ya kaunta, katikati ya plagi na kabureta. Nimeshauza plagi tatu. Nero alikuja asubuhi kununua ya jenereta langu. Nikamhudumia kwa unyenyekevu mkubwa. Mhandisi aliona, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Amani tupu. Simu hata siikumbuki.

Saa sita ameingia mama mmoja kutafuta kamba ya kuwashia. Ana haraka, kasema, ana nguo kumi na mbili za kumaliza kabla ya Jumamosi. Yeye hushona kwa mshonaji wa Zizi Amadike. Zizi amerudi kutoka Akra na safari hii ni kweli, harusi ni Jumamosi, sare ni samawati. Alipofungua pochi atoe fedha, kipande cha lesi kikadondoka kwenye kaunta. Hakukiona. Mimi nilikiona.

Sijafanya chochote. Nimeazima tu simu ya duka na kumwuliza Lasisi kama siku nne zinamtosha. Akaapa kwa marehemu mama yake. Nikamwambia safari hii shingo aipanue.

Limebaki jambo moja, ruhusa ya Jumamosi. Nimelifikiria vizuri, na baada ya chakula naingia kwa Mhandisi kumweleza kwamba nimefiwa na bibi.