Kahawa Haizuii Usingizi

Siku ya Jumatatu, mbele ya ofisi ya kata, kwa kipaza sauti kilichoazimwa kanisani, Mtendaji Aristides aliutangazia umma wa Kyerwa, na dunia kwa ujumla, kwamba kuanzia siku hiyo kahawa haizuii usingizi.

Wananchi walipiga makofi. Wengine walidhani mbolea ya ruzuku imefika.

Tangazo hilo halikuja hivihivi. Joanitha, binti wa Mama Benadeta, alikuwa amemaliza chuo na kurudi nyumbani kusubiri ajira, na katika kusubiri akajisajili kwenye masomo ya bure mtandaoni: afya, sayansi na akili ya binadamu. Angejisomea mwenyewe kimyakimya, serikali isingekuwa na neno. Lakini kila alasiri aliwakusanya akina mama penye mikeka ya kuanikia kahawa, akawaeleza kwa Kinyambo yale aliyoyasoma kwenye simu: moyo unavyosukuma damu, kwa nini mwenye huzuni huchoka hata asipolima, namna ya kupumua hofu inapobana kifua. Akina mama wakaanza kulala. Mama Benadeta mwenyewe, ambaye tangu afiwe na mumewe alikuwa akiwasikia majogoo wote wa kijiji, Jumapili iliyopita alilala mpaka akachelewa misa.

Hayo Mtendaji aliyavumilia. Kilichomchoma ni somo moja lililosema kwamba mtu asitumie kahawa baada ya saa sita mchana.

"Unajua uko wilaya gani, binti?" alimuuliza Joanitha aliyekuwa ameitwa ofisini.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Huu ni uhujumu wa zao la kimkakati. Hilo somo ulilipia?"

"Ni la bure."

"Unaona! Kitu gani kizuri umewahi kupewa bure?"

"Maziwa ya mama."

"Usinijibu kisayansi."

Tuseme ukweli, Aristides alikuwa na ugomvi binafsi na jambo hilo. Kila aliyeingia ofisini mwake alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, kama inavyofanyika katika nyumba yoyote yenye adabu, na kumwacha mgeni atafune peke yake ni kumtukana. Kwa hiyo hadi jioni Mtendaji alikuwa ametafuna na kata nzima. Kwa miaka mingi hakuwa amepata usingizi wa maana, ila aliamini ni uzito wa madaraka.

Ili kulithibitisha tangazo, ikaundwa Kamati ya Uthibitisho Shirikishi wa Usingizi. Wajumbe wangetafuna kahawa tangu asubuhi, kisha saa nane mchana wangelala hadharani, mbele ya Mama Anonciata, afisa elimu ya watu wazima kutoka wilayani. Mjumbe hata mmoja akilala, darasa la Joanitha lifungwe. Wasipolala, liendelee. Na ili pasiwe na ubabaishaji, Aristides aliongeza kanuni: kulala chini ya saa moja si usingizi, ni kusinzia.

Siku ikafika. Itifaki ikazingatiwa. Mtendaji na mjumbe mwenzake, Mzee Yustasi, wakajilaza sakafuni mwa ofisi, akina mama wa darasa wakishuhudia, wakiwa na viatu vyao, kwa kuwa walikuwa kazini.

"Mtendaji," alinong'ona Yustasi, "moyo wangu unapiga ngoma."

"Lala, mzee. Ni agizo."

"Nalala wapi! Macho haya yanaona mpaka Rwanda."

Yustasi akainuka, akaomba radhi, akaenda kulima. Alipalilia migomba yake yote, halafu ya jirani ambaye hawasalimiani.

Akabaki Aristides na heshima ya kahawa. Akafumba macho. Akakoroma.

"Amelala?" aliuliza Mama Anonciata.

Joanitha aliinama, akaona kope zinavyochezacheza. Angeweza kusema. Badala yake alivua kitenge chake cha begani, akamfunika. "Maskini, amechoka," alisema polepole.

Aristides hakukumbuka mara ya mwisho alipofunikwa na mtu. Ilibaki kidogo alie, lakini waliolala hawalii.

"Basi amelala. Tumsubiri aamke alifunge darasa mwenyewe," alisema Mama Anonciata. "Wakati huo nitaendesha kikao. Tuna mengineyo. Nani ana jambo?"

"Mimi," alisema Mama Benadeta. "Kule mikekani jua linatuchoma na mtandao hausomi. Darasa lihamie humu, liwe shughuli ya kata, chini ya Mtendaji mwenyewe."

"Mtendaji ana pingamizi?"

Wote wakatega sikio. Aristides alikuwa na mapingamizi ya kujaza kabati. Lakini angefungua mdomo, zao la kimkakati lingeanguka. Akakoroma.

"Hana."

"Na mchana atupishe ofisi."

Akakoroma.

"Hana."

"Na kile kiti kinachozunguka akikalie mwalimu."

Hapo mkoromo ulichelewa. Ulipotoka, ulitoka kama pikipiki iliyogoma kuwaka.

"Hana, ila kwa shida," alisema Mama Anonciata, akaandika.

Saa ilipotimia, Aristides alijinyoosha, akapiga mwayo mkubwa wa kiserikali.

"Imethibitika!" alisema. "Sasa, kuhusu kulifunga lile darasa la mikekani…"

"Mikekani halipo tena, Mheshimiwa," alisema Mama Anonciata. "Ni la ofisi yako. Ukilifunga, utafunga na ofisi."

"Mimi sikukubali hilo! Hasa lile la kiti!"

Akina mama wakatazamana. Mama Anonciata akaweka kalamu chini, polepole.

"La kiti?" aliuliza. "Kwani ulisikia?"

Aristides alikitazama kile kiti. Joanitha alikuwa ameshakikalia, ila hakikuwa kimeanza kuzunguka bado.

"Sikusikia hata neno," alisema. "Nilikuwa nimelala."