Saa Moja ya Kuandaa Akili

Jumatatu, tarehe 4

Leo saa nne na dakika kumi asubuhi nimepoteza magodoro thelathini na sita. Hayakuibwa. Yamekwenda kwa swali moja.

Matroni wa bweni la wauguzi alikuja kuagiza. Nilikuwa tayari kwa kila kitu: unene, uzito, pamba, kitambaa. Akauliza kama yanaweza kuongezwa urefu sentimita tano, maana wasichana wa siku hizi ni warefu. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikanyamaza. Dada yangu, ambaye ndiye mshonaji wangu, anadai nilinyamaza sekunde kumi na moja. Mimi nilihesabu tisa. Jirani yetu Msumari, seremala, alikuwa mlangoni akijifanya amekuja kuazima mkasi. Akadakia kwamba inawezekana, tena kwake, na oda yote ikamfuata. Mtu ambaye sindano anayoijua ni ya kudungwa.

Jumanne, tarehe 5

Nimekata shauri. Karakana hii niliianzisha na sindano moja na gunia la kuomba, hakuna aliyenishika mkono. Mikono iko tayari siku zote. Iliyobaki ni akili. Kila siku, saa saba hadi saa nane mchana, nitalala kwenye godoro la maonyesho pale dirishani, macho nimeyafumba, nikutane na yasiyotarajiwa kabla hayajanikuta.

Leo nimekabiliana na mafuriko, mkaguzi mwenye rula ndefu, na bibi harusi anayetaka godoro la duara. Changamoto kumi na nne, fursa sita. Dada anasema fursa ya saba ilikuwa mteja wa kweli, aliyekimbizwa na mkoromo.

Jumatano, tarehe 6

Nilikuwa katika chumba kisicho na dari. Pamba inaingia dirishani kama ukungu, nami naichota kwa viganja na kujaza, polepole, na kila godoro likijaa linaniponyoka na kuelea. Chini wanapita watu warefu, warefu sana, wananyoosha mikono na kuchagua. Kila anayefungua kinywa kuuliza, mimi nimeshajibu. Sikumbuki kufurahi hivyo nikiwa macho.

Nimeamka na pamba sikioni na kanuni kichwani: kosa ni kuchelewa. Jibu ni moja tu, "Ndiyo, tunaweza, hata leo." Nimelifanyia mazoezi mpaka jioni. Dada aliuliza kama tunaweza kufagia. Nikafagia. Shangazi alipiga simu kuuliza kama tunaweza kumkaribisha miezi miwili. Anafika Jumapili.

Alhamisi, tarehe 7

Msumari amepeleka bwenini kazi yake ya kwanza: kitanda amekirefusha, godoro ameliacha vilevile. Muuguzi aliyekijaribu alilala visigino juu ya mbao. Basi Matroni akarudi kwetu saa saba na nusu, katikati ya maandalizi yangu. Dada anasimulia kwamba alisimama dirishani dakika ishirini akinitazama. Pikipiki zinapita, mchomeleaji anagonga vyuma, mimi sina habari. Akamwambia dada, "Usingizi kama huu mtu hawezi kuuigiza, mwanangu. Nishonee yote thelathini na sita."

Akaniamsha kwa adabu tu, aniulize kama tunaweza kumwachia Msumari nusu, maskini, asiaibike mtaani. Dada alikuwa nyuma yake anatikisa kichwa nusura kichomoke.

"Ndiyo, tunaweza, hata leo."

Haikufika sekunde. Kwa kasi hiyo sina mpinzani. Ila magodoro kumi na nane yamevuka barabara, na Msumari ameshakuja kumuuliza dada jinsi ya kushona kona.

Ijumaa, tarehe 8

Nimetafakari. Mpango hauna kasoro, muda ndio mfupi. Saa moja ya maandalizi imeleta nusu ya kazi, kwa hiyo saa mbili zitaleta yote. Hesabu haidanganyi. Kuanzia kesho, saa saba hadi saa tisa.

Dada anasema, "Kaka, kumi na nane tunayo mkononi. Shika sindano tushone." Nimemwambia hakuna kugusa pamba mpaka jambo hili lieleweke. Kisha nikamwandikia Matroni, na nakala naiweka hapa:

"Matroni, jibu langu la jana lilikuwa la mazoezi, halihesabiki. Nakuuliza waziwazi: magodoro yote thelathini na sita ni yangu, ndiyo au hapana? Nataka jibu kesho Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Tafadhali lisije kwa njia ya swali."