Kengele Kwanza, Maji Baadaye

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuandaa Kamati. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, wasaidizi wao, na wasaidizi wa wasaidizi wao. Mratibu wa Mapambo, ambaye nyumbani namwita mke wangu. Mkandarasi Mkuu, ambaye nyumbani huniita shemeji. Wazee, vijana, na akina mama mliokuja na ndoo ingawa mwaliko ulisema mje na shukrani: itifaki imezingatiwa. Kama kuna mkubwa nimemsahau, ajihesabu amesalimiwa, na kama kuna mdogo nimemtaja, asivimbe kichwa. (Makofi ya jukwaa kuu. Huku juani, kimya.)

Mimi, Mkurugenzi wa Uratibu wa Mabadiliko ya Tabia, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao hauna mfano katika idara nzima, ili kuzindua Mradi Jumuishi wa Maji kwa Njia ya Saikolojia, hapa hapa mbele ya zahanati yenu. Bomba mnaliona pale kushoto kwangu, juu ya nguzo yake, limefungwa utepe, linang'aa. Najua mna kiu. Lakini kiu bila elimu ni fujo, ndugu zangu! Boza la maji lilipokuja hapa mara ya kwanza mlisukumana, na mama mmoja, simtaji, alinikanyaga kiatu kipya. Ndipo nikajiuliza kitaalamu: hawa watu tuwape maji, au tuwafundishe kwanza? (Sauti: "Tupe maji!") Asante kwa mchango wako, utajadiliwa katika vikao husika.

Sasa sikilizeni, maana haya si mambo ya kusimuliwa barazani. Zamani alikuwepo mtaalamu aliyekuwa na mbwa. Akimpa mbwa chakula, mate yanamtoka. Hiyo haihitaji shule. Lakini mtaalamu akaanza kupiga kengele kwanza, ndipo alete chakula. Kengele, chakula. Kengele, chakula. Mwisho wa yote, mbwa akisikia kengele tu, chakula hakipo, mate yanadondoka vilevile. Huko ndiko kujifunza kwa kuzoeshwa. Mimi niliposoma habari hizo kwenye semina, hotelini, nikaweka uma chini, nikasema: hawa ni wananchi wangu! (Miguno.) Kwa maana nzuri, jamani, kwa maana nzuri.

Tukaingia kwenye utekelezaji. Boza likija, dereva wangu anapiga kengele ile pale. Kengele, maji. Kengele, maji. Kisha, kwa ustadi wa hali ya juu na kwa kuzingatia matumizi bora ya rasilimali, tukaondoa maji tukabakiza kengele. Na nyinyi mkaendelea kuja mbio! Ripoti ninayo: asilimia tisini na saba ya kaya zilifika na ndoo, baadhi ya watu wakiwa na povu kichwani, na asilimia tatu iliyobaki haikuhitaji kuja kwa sababu ilikuwa imelala papo hapo kwenye foleni. Niambieni, ni mradi gani wa maji umewahi kupata mwitikio wa namna hiyo? Nikisema kengele, mnasema maji. Kengele! (Wananchi, bila kupenda: "Maji!") Mmeona? Wala hamkufikiri!

Mama mkunga, naona mkono. Kwa kifupi, tafadhali.

(Mkunga wa zahanati anasimama, ndoo tupu mkononi: "Mheshimiwa, chumba cha kujifungulia tumekifunga. Hatuwezi kuzalisha bila maji. Mkwe wangu yuko hapo ndani, uchungu umemshika tangu asubuhi, na hospitali iko ng'ambo ya mlima. Mimi nauliza moja tu, baba. Hilo bomba linatoa maji au halitoi?")

Mama, swali lako limejaa hisia, nami nakusamehe. Hata uchungu, ukiutazama kitaalamu, ni mwitikio tu. Mwambie binti avute subira, nimebakiza kurasa chache. (Miguno mirefu. Mtu: "Ivute wewe!")

Nakuja kwenye siri ya pili, nayo ni tuzo. Mbwa tumemaliza, tuchukue kuku. Ukitaka kuku aende kushoto, mrushie punje kila anapopiga hatua kushoto. Akienda kulia, mnyime. Kabla jua halijatua kuku atakuwa kushoto kabisa, na ataapa kwamba ni akili yake mwenyewe iliyompeleka. Kuku hajui! Hapo ndipo sisi wasomi huwa tunacheka, maana kiumbe asiyejua kwamba anafundishwa ndiye anayefundishika kuliko wote. (Mkunga anamnong'oneza jirani yake. Mnong'ono unapita juani mpaka nyuma.)

Kwa mfano, nikisogea hivi kushoto nipate kivuli... (Makofi.) Ahsanteni. Nilikuwa nasema, idara yangu, upande huu wa kulia... (Kimya.) Yaani, upande huu mwingine... (Makofi.) Aa, sasa mmechangamka! Mnaona wenyewe jinsi elimu inavyoingia polepole. Mimi tangu utotoni walimu waliniambia nina kipaji cha kuvuta watu. (Anapiga hatua nyingine kushoto. Makofi na vigelegele.) Nasikia mapenzi yenu! (Hatua nyingine. Wananchi wamesimama.) Na sasa, bila kupangiwa na mtu yeyote, moyo wangu mwenyewe unanituma kwenye bomba hili. (Makofi.) Niliguse? (Makofi.) Nilifungue? (Shangwe. Mkandarasi Mkuu anapunga mkono kwa nguvu kutoka jukwaani: hapana, hapana.) Shemeji, usiwe na wivu, leo ni zamu yangu. Haya, kwa mamlaka niliyopewa, nalifungua...

Limetoka.

(Bomba liko mkononi mwa Mheshimiwa. Kwenye nguzo kuna tundu dogo, na ndani ya tundu kuna gazeti lililokunjwa.)

Ndugu wananchi, hii ni awamu ya kwanza, awamu ya kuonekana. (Kimya.) Mabomba ya chini ya ardhi yapo. (Kimya.) Yapo njiani. (Kimya. Mtoto anapiga chafya.) Jamani, mbona mmenyamaza? Basi niseme hayako njiani sana. (Kofi moja.) Hayako njiani. (Makofi.) Hakuna mabomba! (Vigelegele.) Naam! Mkurugenzi gani mwingine atathubutu kuwaambia hivyo? Shemeji yangu hajachimba hata shimo la panya! (Shangwe. Jukwaa kuu lote linainama, kila mtu anatafuta kitu chini ya kiti.) Na gari lile jeusi pale kivulini, lenye kiyoyozi, ndilo lililonunuliwa badala ya mabomba! (Makofi. Mkunga ameweka ndoo chini, anaelekeza kidole kwenye gari.) Gari... lina kiti kirefu cha nyuma. (Makofi.) Mtu anaweza kulala. (Makofi.) Mtu kama... mkwe wa mama mkunga? (Vigelegele.) Dereva! Acha kengele, washa gari! Ng'ambo ya mlima, upesi, mama mkunga aende naye! (Shangwe. Binti anatolewa zahanati, ameshikwa huku na huku. Mlango wa gari unafungwa.)

Kwa kumalizia, kaulimbiu zetu. Kengele! (Wananchi: "Hatuji!") Tabia njema! ("Umefundishika!") Namshukuru mwashi aliyejenga nguzo, na fundi rangi aliyelipaka bomba likang'aa. Namshukuru mke wangu kwa utepe, ambao ndio sehemu pekee iliyokamilika kwa wakati. Mradi wenyewe sina wa kumshukuru, maana haukuwahi kuwepo. (Makofi ya mwisho, marefu.) Asanteni, asanteni sana, sijawahi kupendwa hivi tangu niajiriwe! Na sasa nani ananipeleka nyumbani? Jamani? Nisogee wapi?

(Gari limeshapinda kona. Watu wanaokota ndoo zao na kutawanyika. Mheshimiwa, bomba mkononi, anapiga hatua moja kushoto, anasimama, anasubiri.)